Dodoma hadi Kondoa na wanasarakasi: upepo, mbigili na yule wa chini

Daftari la safari hii ni lile lile ninaloandikia vipimo vya wateja, kwa hiyo katikati ya nauli na majina ya vituo kuna viuno, mapaja na urefu wa miguu ya watu kumi na mmoja. Mimi ni fundi cherehani. Kundi la vijana wa sarakasi wa Dar ninaowashonea lilikuwa linapeleka onyesho jipya kanda ya kati, nguo zinabadilishwa gizani na zinapasuka kila usiku, wakaona bora wanibebe na sindano zangu. Picha nilipiga nyingi, nyingine zina vidole vyangu. Nimezipanga nikiwa nyumbani, na simulizi yenyewe ndiyo hii.

Jumanne: Dar – Dodoma

Vifaa vilitangulia usiku kwa Fuso: mnara wa vyuma wa miguu minne, magodoro, spika, jenereta, na cherehani yangu ya mkono ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Sisi tulipanda treni ya SGR, daraja la kawaida, shilingi 31,000 kwa kichwa. Kwa anayepanga kwenda: fika stesheni mapema, kitambulisho kiwe mkononi, na usiache tiketi mpaka siku ya safari hasa mwisho wa wiki.

Kwenye ukaguzi wa mizigo kijana mmoja aliinua pini za kurusha akauliza, "Hizi rungu za nini, kaka?" Mrushaji wetu hakujibu. Akachukua tatu akazipandisha hewani hapo hapo, foleni nzima ikapiga makofi. Kijana akacheka: "Pita. Ila ndani ya behewa usirushe."

Njiani hakuna jipya mpaka Kilosa. Baada ya hapo reli inaingia kwenye mahandaki, masikio yanaziba kidogo, na ukitoka upande wa pili nchi inaanza kukauka. Ukifika Gulwe mibuyu imeshatawala. Karibu saa nne tangu tuondoke tulikuwa tumeshuka Dodoma, na kitu cha kwanza kilichotupokea ni upepo. Watu wa Dar hatuamini mpaka tuguswe: Julai Dodoma ina baridi. Beba sweta, na kama una midomo laini beba mafuta.

Malazi: Bunge la bajeti huendelea mpaka mwishoni mwa Juni, na kipindi hicho gesti nzuri zinajaa na bei inapanda. Tulipofika mwanzoni mwa Julai tulipata vyumba vya 25,000, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo ukiomba vizuri.

Jumatano: Dodoma, ukumbi unakataliwa

Ukumbi tulikuwa tumeulipia kwa simu kutokana na picha. Kocha aliingia, akatazama juu muda mrefu, akasema, "Hiki chuma kinabeba mabati na popo." Habari ya ukumbi ikaishia hapo.

Nilimwomba anieleze, maana mimi naona chuma ni chuma. Binti wetu wa kitambaa, yule anayepanda vitambaa viwili virefu vinavyoning'inia, ana kilo hamsini na mbili. Akining'inia kimya, juu kunabebwa kilo hizo tu. Lakini kilele cha igizo lake ni pale anapojizungushia kitambaa kiunoni, anaachia mikono na kudondoka akibingirika mpaka kinapomkamata karibu na ardhi. Wakati huo wa kukamatwa, mvuto unazidi uzito wake mara tatu, nne, pengine zaidi. Boriti iliyowekwa kwa ajili ya paa haikufikiriwa hivyo. Mwenye ukumbi hakurudisha malipo ya awali, na kocha hakupoteza muda kugombana naye.

Aliyetuokoa ni mama lishe wa pale nje, tuliyekuwa tumekaa kwake tukinung'unika juu ya ugali wa uwele na mlenda (sahani 3,000, na mlenda unaongezewa bila kuombwa). Alifuta mikono kwenye kanga, akamwachia binti yake sufuria, akatupeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akatusikiliza, akatuonyesha uwanja wa wazi nyuma ya nyumba chache. "Uwanja huu hapa. Mimi nataka mambo mawili: muda muufuate, na taka msiache."

Uwanja ulikuwa umejaa mbigili. Asiyezijua, ni vijimiba vidogo vinavyojificha kwenye vumbi, vinapenya kandambili, na vikiingia kwenye godoro la sarakasi utavipata kwa mgongo. Watoto wa mtaa walitangaziwa kwamba atakayejaza kopo la mbigili anaingia bure. Kufika jioni uwanja ulikuwa safi na orodha ya waingiaji bure imekuwa ndefu kuliko tulivyotarajia.

Kisha kocha akachomeka kigingi katikati, akafunga kamba ya mita sita na nusu, akazunguka nayo akimwaga majivu. Duara la mita kumi na tatu. Kipimo hicho hakutunga yeye. Philip Astley, mpanda farasi aliyetoka jeshini, alianza maonyesho yake London mwaka 1768, na kadiri miaka ilivyokwenda kipenyo cha duara la sarakasi kikatulia kwenye futi 42. Sababu ni farasi: akikimbia kwenye mzunguko wa ukubwa huo, anayesimama mgongoni anasukumwa kuelekea nje kiasi kwamba akiinama ndani kidogo anabaki wima. Sisi farasi hatuna. "Lakini," kocha alisema akikung'uta majivu, "kwa ukubwa huu kila mtu anaona uso wa anayecheza. Farasi kaondoka, uso umebaki."

Usiku nilishona. Neno moja kwa mafundi wenzangu watakaopata kazi za namna hii: nguo ya anayepanda kitambaa haiwekwi zipu, kifungo wala shanga, kwa sababu kitu kimoja tu kikikwaruza, kitambaa kinaanza kuchanika polepole na hutajua mpaka kiachie. Ipite nyuma ya magoti na ifunike kiuno chote, maana hapo ndipo kitambaa kinapojiviringisha na kuchoma ngozi. Ya mbebaji ni habari nyingine kabisa. Wanaolipa wanapenda ing'ae, ila mwenzake akimsimamia begani juu ya laikra iliyolowa jasho, anateleza. Mimi huweka pamba mabegani, rangi ile ile, mshono wa bapa. Anayetazama asijue, mguu ujue.

Alhamisi: onyesho Dodoma

Kocha alikuwa amezungumza na kikundi cha akina mama wa Kigogo waje na muheme. Walifika asubuhi na ngoma zao. "Mbukwenyi!" wakatusalimu, vijana wetu wakajibu, "Shikamooni mama zetu," kila upande ukafurahi. Muheme hupigwa na wanawake, ngoma ikibanwa katikati ya mapaja, na kiongozi ndiye anayeamua safari inaelekea wapi. Mpaka hapo onyesho letu lilikuwa linakwenda kwa muziki wa kwenye simu. Wimbo wa simu una sekunde zake. Mwanasarakasi akichelewa, wimbo haumngojei.

Mazoezi yalianza vibaya. Akina mama walipiga, vijana wakakimbilia ngoma, piramidi ikapanda haraka na kubomoka ghorofa ya tatu, juu ya magodoro kwa bahati. Kiongozi wa ngoma akasimamisha kila kitu. Akamwita mbebaji mkuu, kijana mpana asiyesema sana, akamweka mbele yake. "Wewe pumua, mwanangu. Mimi nitakuona." Walipoanza upya alikuwa anamtazama kifua chake. Akivuta pumzi, ngoma inashuka. Akishatulia chini ya uzito, ngoma inapanda. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakumtazama yule wa juu kabisa, ambaye ndiye anayeonekana. Akanijibu akikaza ngozi ya ngoma yake: "Wa juu anapigiwa makofi. Wa chini ndiye anayecheza."

Hilo nimelifikiria sana. Kwa miaka niliyoshonea watu hawa nimekuwa nikitazama sarakasi kwa kuhesabu: wamepandana wangapi, amejipindua mara ngapi. Siku ile niliona kazi iliyo katikati ya hesabu. Mbebaji anasogeza kisigino upana wa kidole kabla mwenzake hajainua mguu. Mikono inafika mahali ambapo mtu bado hajafika. Kundi likiwa zuri, hayo hayafichwi, yanawekwa mbele yawe mchezo wenyewe.

Kufika saa kumi jioni upepo ukawa mkali. Kocha aliutazama mnara, akatazama kitambaa kilichotuna kama tanga, akasema hakipandi. Binti wa kitambaa alilia kidogo, akafuta uso kwa poda ya viganja bila kujua, akabaki mweupe. Ndipo mrushaji, ambaye kwa kawaida ni wa utani tu, akauliza, "Kwani lazima kitundikwe?"

Walikuwa na chini ya saa moja. Walichofanya ni hiki: vijana wanne walishika ncha za vitambaa wakauachia upepo uvijaze, vikatanda juu ya duara vikinguruma. Binti akapita katikati akitembea juu ya mabega na viganja vya wabebaji, mguu haugusi ardhi, kitambaa kikimfunika na kumfunua. Palipokuwa na ule mdondoko wa kutisha, alijirusha mgongo nyuma akiwa amefumba macho, na mbebaji mkuu akamdaka peke yake. Mita mbili tu, pengine. Mtaa mzima ulipiga kelele, na mimi niliyeona ule wa kwenye mnara mara nyingi nasema huu ulikuwa bora. Wa mnarani unakuonyesha kwamba binti hana woga. Huu ulionyesha kuna mtu anayemngoja.

Watoto wa mbele walikuwa na swali lao. "Simba yuko wapi?" Kichwani mwao sarakasi ni simba, tembo na mtu mwenye kiboko. Mrushaji akawajibu simba kaenda kwao mbugani, ndiyo maana sisi tuko huku. Ni kweli kwa namna yake. Cirque du Soleil, iliyoanzia Quebec, Kanada, mwaka 1984, ilijenga jina lake bila wanyama wa porini. Ringling Bros. ya Marekani, iliyojulikana kwa tembo, ilifunga mwaka 2017 na iliporudi mwaka 2023 ilirudi na binadamu pekee. Hapa kwetu jambo hilo halikuhitaji mjadala. Makundi yetu yamekuwa ya watu, viti na pete tangu mwanzo.

Kiingilio kilikuwa 3,000 mkubwa, 1,000 mtoto. Baada ya kuwalipa akina mama, jenereta na ulinzi, kilichobaki kilitosha usafiri wa kesho na mishikaki. Anayefikiria kuleta onyesho, aonane na afisa utamaduni wa halmashauri mapema kuhusu kibali, na usajili wake wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, uwe haujaisha muda. Nakala za karatasi zote zikae kwenye begi la mtu mmoja asiyepoteza vitu.

Ijumaa: Dodoma – Kondoa

Kosta haliondoki mpaka lijae, na letu lilichukua saa mbili kujaa. Barabara ni lami tupu, kama kilomita 160. Makutupora unapita mizabibu imesimama kwenye mistari, lakini Julai zabibu bado. Madirishani tuliuziwa ubuyu na karanga. Kutoka hapo mpaka Kondoa nililala.

Tulifika watu wanaelekea msikitini. Kondoa ni mji wa Waislamu wengi, na Ijumaa mchana usitafute fundi wala duka. Tukanunua asali ya chupa (10,000, ya nyuki wadogo ni ghali zaidi), tukatembea mpaka kwenye chemchemi ambayo mji unaitegemea kwa maji, tukakaa kivulini.

Jioni tulisikia vishindo mtoni. Mto wenyewe wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, mpana, na katikati yake walikuwa wavulana wa pale wakijipindua: mbio, mikono chini, miguu hewani, kutua. Hawana godoro, mchanga ndio godoro lao. Mchanga huo una historia ya kusikitisha kidogo, kwa kuwa milima ya Kondoa ilimomonyoka vibaya sana, ikabidi serikali ianzishe mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO mwaka 1973 na baadaye mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyochakaa. Vijana wetu walivua viatu wakaingia. Wawili kati ya wavulana wale walikuwa wakijaribu kusimama kichwa kwa kichwa, wa juu miguu hewani. Walijifunza kwa kutazama simu ya jirani: tangu Ramadhani Brothers, wanasarakasi wawili wa Kitanzania, washinde shindano la vipaji la runinga ya Marekani mwaka 2024 kwa mchezo huo, kila mtaa una watoto wenye shingo zinazouma. Mbebaji wetu aliwasimamisha. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema sentensi zaidi ya mbili mfululizo: shingo haianzi na mtu, inaanza na ndoo tupu, na aliye juu ndiye atulie, wa chini ndiye atafute mizani. Wote wawili wakitafuta, wanaanguka.

Aliwaonyesha mpaka giza likaingia.

Jumamosi: Kolo asubuhi, Kondoa jioni

Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na kijiji cha Kolo kiko barabara hii hii ya kuelekea Babati. Usiende moja kwa moja milimani. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unalipa, unapewa mwongozo. Kutoka hapo ni gari au bodaboda kwa njia ya vumbi, kisha unapanda kwa miguu. Beba maji, vaa viatu vinavyoshika. Nilivaa raba na bado nilishikwa mkono na bibi mmoja aliyekuwa anateremka na kuni, akaniongoza mpaka penye nafuu kisha akarudi njia yake bila kutaka hata soda.

Michoro mingi ni myekundu, watu warefu wembamba, wengine wana kitu kikubwa kichwani, na wanyama. Mwongozo alitukataza kugusa na kumwagia maji. Watu walikuwa wakiimwagia ili ing'ae kwenye picha, na ndivyo ilivyoharibika. Mary Leakey aliinakili kwa mkono miaka ya 1950, na baadhi aliyoiona yeye leo inaonekana kwa shida. Vijana wetu, wanaopiga kelele hata wakila, walinyamaza. Binti wa kitambaa alisimama mbele ya kundi la watu waliochorwa wamejipinda, akaanza kujipinda naye, taratibu, bega kwanza, akitazama mwamba na kurekebisha kiwiko. Sitadai michoro ile ni ya sarakasi. Ila kiwiko kile kiliingia kwenye onyesho la jioni.

Tulicheza uwanja wa shule. Upepo ulikuwa mpole, mnara ungeweza kusimama, kocha akauliza kundi: juu au chini? Wakapiga kura, wakachagua chini, kitambaa cha mikononi. Muheme haikuwepo, basi walimu wawili wakapiga ngoma za gwaride, na baada ya dakika kumi walikuwa wameshaelewa kumtazama nani.

Baada ya kumalizika, mzee mmoja mwenye kofia ya mkono alitaka kumwona "yule wa chini". Akamshika shingo kwa vidole vyote, anavyokagua mnunuzi mnadani, akasema, "Hii ndiyo." Alikuwa amewaona wanasarakasi wa kundi la taifa miaka ya 1970, wale waliotokana na vijana waliopelekwa China miaka ya 1960 kujifunza. Alikumbuka viti vilivyopandishwa juu ya viti, mtu akisimama kwa mkono mmoja kileleni, na sahani zikizunguka juu ya fimbo. "Lakini wale walicheka muda wote," akasema. "Ninyi mnaonyesha kwamba ni nzito." Kocha akauliza ipi bora. Mzee akafikiri. "Ile niliipenda. Hii nimechoka nayo pamoja nanyi." Mpaka leo vijana wanabishana kama ile ilikuwa sifa.

Suruali mbili zilipasuka msamba, mahali nilipoweka kipande cha kuzibia kidogo kuliko mwendo wao mpya. Sasa naweka cha sentimita kumi na mbili kila upande.

Jumapili: kurudi

Kondoa – Dodoma asubuhi, 9,000, gari lilijaa haraka. Saa tatu za kusubiri treni tulizimalizia kwa mama lishe wetu, aliyetaka kujua kila kitu na akakataa kulipwa chai. Usiku tulikuwa Dar.

Fuso lilifika Jumatatu. Tulipohesabu magodoro lilipungua moja. Dereva akasema aulizwe kocha, kocha akasema aulizwe mbebaji, na mbebaji akasema wavulana wa mtoni wasingeweza kuendelea kutua na shingo zile juu ya mchanga. Kwenye hesabu za safari limeandikwa gharama, 80,000. Mtunza fedha wetu bado hajasaini.